SOMO: Kukusanya machapisho ya mtafiti wa tiba na kuhesabu kunukuliwa kwake, kuanzia jina hadi h-indeksi

Kila msimu wa kupanda vyeo swali ni lile lile: "H-indeksi yangu naipataje, na mbona kila sehemu inanipa namba yake?" H-indeksi ni namba inayopima machapisho na kunukuliwa kwa pamoja: h ikiwa 5, una makala 5 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 5. Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu.

Mfano wetu ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Alifariki 1993, kwa hiyo hakuna makala mpya itakayotuvurugia hesabu, na majina yake yametawanyika kama ya kwetu.

Hatua ya 1. Fungua ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure, unapewa tarakimu 16 (ya mwisho inaweza kuwa X). Weka baruapepe mbili, ya kazini na ya binafsi, maana ukihama taasisi ile ya kazini inafungwa.

Hatua ya 2. Kabla hujagusa kanzidata yoyote, andika orodha yako kwenye Excel: kichwa, mwaka, jarida, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni), PMID (namba ya makala kwenye PubMed, kanzidata ya machapisho ya tiba), na jina lako kama lilivyochapwa kwenye makala husika. Safu hiyo ya mwisho usiiruke.

Hatua ya 3. Majina. Hapa ndipo nilipowahi kuharibu, kwa hiyo soma taratibu. Kanzidata haimjui mtu, inajua herufi. Makala ya Burkitt ya 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, kwenye British Journal of Surgery, imesainiwa Burkitt D. Ya 1971 kwenye jarida la Cancer, kuhusu saratani ya utumbo mpana, imesainiwa Burkitt DP. Mtu ni yule yule. Sasa jifikirie wewe unayeandika jina lako, la baba na la babu. Tuseme unaitwa Asha Juma Mrisho: jarida moja litakuandika Mrisho AJ, jingine Juma AM, la tatu Mrisho A, na ukiolewa ukabadili jina anazaliwa Asha wa nne. Manukuu yako yanagawanyika kwa watu wanne, na hakuna hata mmoja mwenye h inayoeleweka.

Kwenye PubMed, ukiandika Burkitt D[au] (alama [au] ni ya mwandishi) utaletewa Burkitt DP pia, na Burkitt mwingine yeyote anayeanzia D, kwa sababu mfumo wenyewe unaongeza herufi zinazofuata. Ukitaka D peke yake, funga jina kwa alama za kunukuu: "Burkitt D"[au]. Jina kamili linatafutika kwa makala za 2002 kuja mbele tu. Za nyuma tafuta kwa herufi za mwanzo, kila muundo peke yake.

Google Scholar ndiyo hatari zaidi. Ukifungua wasifu inakuletea mafungu ya makala na kukuuliza kama ni zako. USITIE TIKI FUNGU ZIMA. Mwenye jina la kawaida kama Juma H anaweza kuletewa makala za mtaalamu wa udongo, na manukuu ya udongo yakaingia kwenye h ya daktari wa watoto. Kamati ikigundua haitailaumu kompyuta, itasema umejipachikia kazi ya mtu. Fungua moja moja, linganisha na Excel yako. Kisha nenda kwenye mipangilio, zima kujiongeza kwenyewe, chagua kutumiwa baruapepe uhakiki kwanza.

Tahadhari ya pili ni kuunganisha. Unganisha matoleo mawili ya kazi ile ile tu, kwa mfano rasimu ya awali na toleo la jarida. Itifaki ya utafiti na matokeo yake ni kazi mbili. Sehemu ya I na ya II ni kazi mbili. Mwaka 1961 jarida la Cancer lilitoa makala mbili mfululizo kuhusu limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) kwa watoto wa Afrika, vichwa karibu sawa: sehemu ya I ni ya Burkitt na O'Conor, sehemu ya II ni ya O'Conor peke yake. Ukiziunganisha umempa Burkitt kazi ambayo si yake. Na hata zingekuwa zako zote mbili unaweza kujipunja: makala mbili zenye manukuu 9 na 8 zilikuwa zinabeba nafasi mbili kwenye h, ukiziunganisha unabaki na moja yenye 17, nafasi moja imepotea.

Scopus, kanzidata ya kuhesabu manukuu, nayo hutengeneza wasifu bila kukuuliza, mara nyingi zaidi ya mmoja. Tafuta kila muundo wa jina lako, fungua orodha ya kila wasifu, hakiki kila makala, ndipo uombe waunganishwe. Wasifu ukiwa na makala hata moja ya mtu mwingine, omba iondolewe kwanza. Kutenganisha baadaye ni maombi mapya na kusubiri upya.

Hatua ya 4. Chukua namba. Kutafuta mwandishi kwenye Scopus kunawezekana bila malipo. Web of Science inategemea taasisi yako inalipia au la. OpenAlex ni bure kabisa, imekuwepo tangu Januari 2022.

Hatua ya 5. Hesabu h kwa mkono angalau mara moja. Kipimo hiki kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala kuanzia yenye manukuu mengi. Tuseme ni 41, 22, 15, 9, 6, 5, 2, 0. Ya kwanza ina angalau 1, ya pili angalau 2, endelea hivyo. Ya tano ina 6, imepita. Ya sita ina 5, haifiki 6. H yako ni 5. Ile i10 ya Google Scholar ni idadi ya makala zenye manukuu 10 au zaidi: hapa ni 3. Angalia vizuri: makala ya kwanza hata ingekuwa na manukuu 4,000, h ingebaki 5.

Hatua ya 6. Kwenye CV andika namba, chanzo na tarehe: "h = 5, Scopus, 14 Machi". Namba isiyo na chanzo haihakikiki.

MASWALI YA WANACHAMA

Kibwana_K: Mkuu, h-indeksi nzuri ni ngapi? Nina haraka, fomu inafungwa kesho.

Mleta somo: Hakuna jibu bila fani na miaka ya kazi. H kwa kawaida haishuki, hupanda kadiri unavyokaa, kwa hiyo mwenye miaka 30 kazini hapimwi na mwenye miaka 6. Soma mwongozo wa taasisi yako.

Tabibu_Pwani: Google Scholar inanipa 14, Scopus 8. Ipi ni ya uongo?

Mleta somo: Hakuna ya uongo. Scholar inahesabu tasnifu, ripoti, rasimu na majarida ambayo Scopus haijayaorodhesha. Ndiyo maana ya hatua ya 6. Ila usichukue 14 ukailinganisha na 10 ya Scopus ya mwenzako.

Tabibu_Pwani: Lakini mimi nimefuata kila kitu.

Mleta somo: Safu ya jina lililochapwa umeijaza?

Tabibu_Pwani: Bado.

Mleta somo: Anzia hapo.

Mkunga_Mwandamizi: Samahani mwalimu, nilikuwa kwenye timu ya jaribio kubwa la chanjo. Jina langu limo mwishoni kwenye orodha ya washiriki wa kikundi, lakini wasifu wangu hauonyeshi makala hiyo. Nimekosea wapi?

Mleta somo: Hujakosea dada, na umeuliza jambo linalowaumiza wengi. Chukua jaribio la RTS,S, chanjo ya malaria: watoto 15,459, vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe. Matokeo ya mwisho yalitoka The Lancet mwaka 2015 chini ya jina la kikundi. PubMed inatofautisha mwandishi na mtafiti mshiriki: tafuta jina lako kwa [ir] badala ya [au], utajiona. Kanzidata za kunukuu mara nyingi zinahesabu waliotajwa kama waandishi tu. Kwenye CV iweke chini ya kichwa chake, "machapisho ya kikundi", na uandike PMID. Usiichanganye na zako kwenye h, lakini usiiache nje. Kazi uliifanya.

Daktari_Mtarajiwa: Nina udadisi tu. Jina la Burkitt limekuwa jina la ugonjwa. Kila anayeandika "limfoma ya Burkitt" anamwongezea manukuu?

Mleta somo: Swali zuri sana. Hapana. Kanzidata inahesabu makala iliyoorodheshwa kwenye marejeleo, haihesabu jina lililotajwa ndani ya maandishi. Kazi ikishakuwa maarifa ya kila mtu, watu wanaacha kurejelea makala ya mwanzo. Na kuna mnyororo ambao h haiuoni: Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, Anthony Epstein alikuwa ukumbini, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi kwenye The Lancet, ambacho leo tunakiita Epstein-Barr. Ukitaka kuona athari ya namna hiyo, tafuta ni nani aliyemnukuu na alifanya nini baadaye.

Daktari_Mtarajiwa: Kwa hiyo manukuu mengi si lazima yawe sifa?

Mleta somo: Si lazima. Makala ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 kuhusu chanjo na usonji iliondolewa na The Lancet mwaka 2010, na imenukuliwa mno, wengi wakiipinga. Kanzidata haijui kupongeza na kukemea. Ndiyo maana kabla ya kunukuu angalia kama makala imeondolewa. Kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizoondolewa, iko wazi kupitia Crossref (shirika linalosajili DOI) tangu 2023.

Mzee_wa_Data: Tufungue kundi la WhatsApp tunukuane. Kila mtu anataja watatu, wote tunapanda.

Mleta somo: Hapana, na usilete hilo hapa. Clarivate, wenye Web of Science, huondoa majarida kwenye orodha yake kwa kunukuana kwa makubaliano, na jarida likiondolewa wanaumia hata waliochapisha humo kwa haki. Scopus ina kitufe cha kutoa kujinukuu, na kamati wanakijua.

Nesi_Moro: Majarida yetu ya nyumbani je? Makala yangu haionekani Scopus kabisa.

Mleta somo: Scopus ina orodha yake ya majarida, angalia kwanza kama lako limo. Kama halimo, makala haitaonekana hata ukifanya nini. Tazama pia kama ina DOI. Isiyo na DOI hunukuliwa kwa tahajia kumi tofauti, na kila tahajia inahesabiwa peke yake au haihesabiwi. Mwombe mhariri, majarida mengi yaliyoko AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) yanaweza kukupatia.

Kibwana_K: Mkuu nimesoma yote sasa. Jina nichague lipi, la baba au la babu?

Mleta somo: Lililo kwenye makala zako nyingi kulingana na Excel. Kuanzia leo andika hilo hilo kila mahali, na miundo mingine iweke ORCID kwenye sehemu ya majina mbadala. Fomu ya kesho jaza namba ya Scopus uliyonayo, na tarehe.