Pima breki kabla ya kununua ringi ndogo

Kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati, Mtwara, baiskeli ya resi ya zamani yenye tairi nyembamba ya milimita 23 inazama tu. Kabla hujahamia ringi za 650B (ndogo kidogo, zinaacha nafasi ya tairi pana), legeza raba za breki uzishushe hadi mwisho, upime. Zinatakiwa zishuke milimita 19, maana ringi ya 700C, ile ya kawaida ya resi, ina kipenyo cha milimita 622 na 650B ina 584, na nusu ya tofauti ndiyo hiyo 19 (kama yako ni ile ya inchi 27, basi zishuke 23). Tairi pana ya milimita 42 inarudisha kimo kilekile, pedeli hazigongi chini. Raba zisipofika, tafuta breki za mikono mirefu. Fremu ikibana tairi kule nyuma, weka nyembamba kidogo. Usiitanue kwa nyundo, kama fundi mmoja alivyonishauri!