Namna ya Kufidia Mtawanyiko wa Mwanga Kwenye Faiba ya Masafa Marefu

Dalili ya tatizo hili huwapotosha mafundi wengi: mita inaonyesha mwanga wa kutosha kwenye kipokezi, viunganishi vimesafishwa, na bado makosa ya biti yanaongezeka. Kuongeza nguvu ya leza hakusaidii, kwa kuwa ishara haikufifia, bali imetanuka. Kila mpigo wa mwanga hubeba mawimbi yanayotofautiana urefu kidogo, nayo hayaendi kwa kasi moja ndani ya kioo, hivyo mpigo hupanuka njiani hadi kuingilia nafasi ya jirani yake. Huo ndio mtawanyiko.

Anza na hesabu. Faiba ya kawaida ya G.652 (kiwango cha nyuzi za kioo za mawasiliano), kwenye wimbi la nanomita 1550, hutawanya takriban pikosekunde 17 kwa nanomita katika kila kilomita, kwa hiyo njia ya kilomita 120 hulimbikiza pikosekunde 2,040 kwa nanomita; namba za mtawanyiko zinazofuata ni za kipimo hicho. Pima urefu huo kwa OTDR, kifaa kinachotuma mipigo ya mwanga na kusoma mwangwi wake, usiukadirie kwa barabara, maana mizunguko ya akiba iliyoachwa mashimoni nayo ni faiba. Kipokezi cha kawaida cha gigabiti 10 kwa sekunde huvumilia 1,000 hivi. Ukipanda hadi gigabiti 40 kwa mtindo uleule wa kuwasha na kuzima mwanga, uvumilivu hushuka mara 16, kwani muda wa biti unabaki robo huku upana wa mawimbi ukiongezeka mara nne.

Dawa iliyozoeleka ni kasha la faiba ya kufidia, ambayo mtawanyiko wake ni hasi. Ikiwa ni hasi 100 kwa kilomita, kilomita 17 zake huondoa 1,700 na kubakiza 340. Mabaki hayo yaache kwa makusudi, kwa sababu nguvu ya mwanga hubadilisha umbo la mpigo, na mtawanyiko chanya kidogo husaidia kuubana tena.

Mahali pa kuliweka kasha panahitaji uangalifu kuliko yote. Kilomita hizo 17 zinaweza kula desibeli 8 au zaidi, na kiini chake chembamba huharibu ishara kikipokea mwanga mkali. Liweke katikati ya hatua mbili za kikuza mwanga, si baada ya hatua ya mwisho yenye nguvu kubwa.

Kwa vifaa vya gigabiti 100 vinavyosoma pia awamu ya mwanga, ningeyaondoa makasha kabisa, kwa sababu kichakataji cha kipokezi hufuta mtawanyiko kwa hesabu na kasha hubaki kuwa hasara tupu.

Baada ya kufunga, tazama kwenye osiloskopu mchoro wa jicho, yaani biti nyingi zilizopangwa juu ya nyingine; jicho likiwa wazi, biti zinatofautishika. Ikiwa faiba inabeba chaneli nyingi, kila moja kwa wimbi lake, usijiridhishe na ya katikati pekee: kati ya nanomita 1530 na 1565, tofauti ya mtawanyiko kwenye kilomita 120 inaweza kukaribia 250, hivyo jicho lililo wazi katikati linaweza kuwa limefumba kwenye chaneli ya mwisho.