Barua pepe hazitoki kwenye seva ya nyumbani? Soma logi kabla ya kugusa chochote

Acha `main.cf`, faili la mipangilio la Postfix (programu ya seva ya barua), lilivyo kwanza. Ukibadilisha mipangilio mitatu kwa mpigo kabla ya kujua tatizo, utaishia na hitilafu mbili badala ya moja. Mimi natumia Postfix kwenye Linux ya Debian, kwa hiyo amri zote hapa ni za huko.

Andika `mailq`. Barua zilizokwama zitajipanga hapo, kila moja na sababu yake. Kisha fungua `/var/log/mail.log`, kama faili hilo halipo, tumia `journalctl -t postfix/smtp`. Tafuta mstari wa namna hii:

`relay=none, dsn=4.4.1, status=deferred (connect to gmail-smtp-in.l.google.com[...]:25: Connection timed out)`

`relay=none` maana yake seva yako haikufika hata mlangoni kwa mpokeaji. Namba ya `dsn`, yaani msimbo wa matokeo ya kutuma, ikianza na 4, Postfix itaendelea kujaribu, kwa kawaida hadi siku 5. Ikianza na 5, barua imekataliwa na haitajaribiwa tena.

Mstari kama huo kwenye seva ya nyumbani, mshukiwa wangu wa kwanza ni poti 25, mlango ambao seva za barua hupelekeana barua. Watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa wateja wa majumbani ili kuzuia barua taka. Hakikisha hivi:

`nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25`
`nc -vz smtp.gmail.com 587`

Ya kwanza ikiganda na ya pili ikafunguka, usihangaike na DNS wala kuzima ruta. Pitishia barua kwa huduma ya kati inayopokea kwenye poti 587, kwa kuandika hivi ndani ya `main.cf`:

`relayhost = [smtp.mfano.com]:587`
`smtp_sasl_auth_enable = yes`
`smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd`
`smtp_sasl_security_options = noanonymous`
`smtp_tls_security_level = encrypt`

Mabano ya mraba usiyaache: yanaiambia Postfix iende moja kwa moja kwenye jina hilo bila kutafuta rekodi ya MX, ile inayotaja seva inayopokea barua za kikoa (domain). Ndani ya `sasl_passwd` jina liandikwe vilevile, mabano na poti vikiwemo, likifuatiwa na jina la mtumiaji na nenosiri. Lipe faili `chmod 600`, endesha `postmap` juu yake, kisha `postfix reload` na `postqueue -f` ili foleni isukumwe upya. Logi ikilalamika `no mechanism available`, nenosiri lako halina kosa, sakinisha `libsasl2-modules`.

Kama poti 25 iko wazi na bado unakataliwa, anayekukataa ni mpokeaji, na kwa kawaida anataja sababu. Gmail ikijibu `5.7.26`, barua haijathibitishwa kwa SPF (rekodi ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako) wala DKIM (saini ya kidijitali ya barua). `5.7.25` inahusu rekodi ya PTR, inayotaja jina la anwani ya IP, ambayo huwekwa na mwenye anwani ya IP, yaani mtoa huduma wako, si wewe kwenye kikoa chako. Ukiona Spamhaus PBL, orodha ya shirika la Spamhaus linalopambana na barua taka, usikasirike: orodha hiyo hukusanya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja, hata kama hujawahi kutuma taka. Kwa hali hizi mbili za mwisho, mimi sibembelezi mtu. Narudi kwenye `relayhost`.

`Relay access denied` ikitoka kwenye seva yako mwenyewe ni jambo jingine: simu au kompyuta inayotuma haijaingia kwa nenosiri. Rekebisha hapo kwenye programu ya barua. Ukijaribiwa kuandika `0.0.0.0/0` (yaani anwani zote) kwenye `mynetworks`, orodha ya mitandao inayoruhusiwa kutuma bila nenosiri, utakuwa umewafungulia watuma taka wa dunia nzima.

Mwisho, `status=sent` kupitia huduma ya kati inathibitisha tu kwamba huduma hiyo imepokea. Jitumie barua kwenye akaunti ya nje, fungua vichwa vyake kamili, utafute `Authentication-Results`. Unataka `spf=pass` na `dkim=pass`. SPF ikishindwa, angalia kama rekodi yako imeiruhusu huduma ya kati, maana sasa ndiyo inayobisha hodi kwa niaba yako.