Chule ya parachichi: isake wakati wa baridi, usingoje vuli

Kuanzia Juni hadi Agosti, huku Machame, Siha na Tengeru, kaskazini mwa Tanzania, kuna baridi na masika imekwisha. Madoa kwenye parachichi hayaongezeki, bomba la dawa linatundikwa. Vuli ikianza, chule, ugonjwa wa kuvu unaotia matunda madoa na kuyaozesha, inarudi na lawama zote inabebeshwa mvua. Mvua husambaza tu. Ugonjwa haukuwahi kuondoka shambani. Hata Ulaya, theluji haiui ukungu wa madoa ya epo: hukaa ndani ya majani yaliyoanguka hadi miti ichipue tena.

Simama chini ya mti uangalie juu. Tafuta vijiti vilivyokauka katikati ya matawi, na matunda meusi yaliyosinyaa ambayo bado yananing'inia kwenye vikonyo. Kuvu wa chule wamo humo. Mvua ikililowesha tunda hilo, huweza kutoa ute wa rangi ya chungwa iliyopauka uliojaa spora (vijimbegu vya kuvu), na matone huzirushia matunda machanga. Zikishaingia kwenye ganda hutulia hadi tunda liive. Ndiyo maana unachuma tunda safi, halafu mnunuzi anakupigia simu kuwa limeoza.

Kwa hiyo chagua siku kavu, kata vijiti hivyo, shusha matunda makavu yote, kisha yachome au yafukie. Kuyaacha chini ya mti ni kuhamisha tatizo. Punguza pia matawi yaliyosongamana ili upepo upite. Ukitoka kwenye mti mgonjwa, futa mkasi au msumeno kwa spiriti.

Wapo wanaofagia chini ya mti hadi udongo ukabaki mtupu. Sikubaliani nao. Mizizi ya parachichi iko juujuu na inahitaji matandazo. Majani makavu ya mgomba yanafaa sana, ila yasiguse shina.

Dawa ya kopa (shaba) hukinga, haitibu. Ipige baada ya usafi, kabla mvua hazijakolea, kwa kipimo cha kwenye kibandiko, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kuizidisha ni hasara: kopa hurundikana kwenye udongo.

Kuoza kwa mizizi ni habari nyingine. Kimelea chake, fitofthora, hukaa ardhini miaka mingi, na kopa ya majani haikifikii. Huogelea kwenye maji, kwa hiyo mfereji unaopita kwanza kwenye kihamba (shamba la nyumbani) chenye miti inayonyauka kutoka juu unaweza kukuletea. Huja pia na udongo wa jembe, wa buti, na zaidi ya yote wa miche. Kabla ya kulipia mche, mwombe mwenye kitalu auchomoe mmoja kwenye kiriba. Mizizi midogo ikiwa myeusi na inakatika ukiigusa, usinunue hata mmoja hapo.