Kadi na tagi za dhahabu kwa fotokopi, foili na muhuri wa raba

Kila anayekuja kwangu na oda ya harusi ana swali lile lile: "Dada, hii dhahabu umeipaka kwa brashi?" Hapana. Imetoka steshenari ya kona, pale ambapo watu wanatolea kopi za vyeti vya kuzaliwa. Mashine ni mbili tu, ya fotokopi na ya lamineshani. Vingine vyote unavyo nyumbani au unavipata Kariakoo kwa mzunguko mmoja.

Nitaeleza kwa kazi ninayoifanya mara nyingi: tagi za kufunga kwenye vifuko vya halua vya wageni, na kadi ya mwaliko inayofanana nazo. Niko Dar es Salaam, kwa hiyo utaniona nikilalamikia unyevu mara kwa mara. Aliyeko Iringa atanicheka.

Kwanza elewa dhahabu inashikaje, maana ukilielewa hili makosa mengi utayagundua mwenyewe. Tona, ule unga mweusi wa fotokopi, ni plastiki iliyosagwa laini ikachanganywa na rangi. Mashine inaupanga kwenye karatasi kwa umeme tuli, kisha inauyeyusha kwa joto ugande. Njia hii ilianzia kwa Chester Carlson, Mmarekani ambaye mwaka 1938, mtaa wa Astoria huko New York, alitoa nakala yake ya kwanza. Alichokiandika ni tarehe na jina la mtaa tu, kama mtu anayeandaa kadi ya mwaliko. Sasa, plastiki iliyoyeyuka jana huyeyuka tena leo. Ukiifunika tona kwa foili ukaipitisha kwenye joto la lamineshani, inalainika na kunata, inang'ang'ania foili. Penye karatasi tupu foili haishiki. Ndiyo sababu kazi iliyotoka kwenye printa ya wino haifai hapa hata kidogo. Wino umenyweka kwenye karatasi, hakuna plastiki ya kuyeyuka. Iwe fotokopi au printa ya leza.

Na foili yenyewe si ile ya jikoni ya kufungia kuku. Ni utando wa plastiki uliobeba tabaka jembamba mno la alumini lenye rangi. Hakuna dhahabu humo. Ni alumini iliyovishwa rangi ya manjano. Inauzwa kwa roli. Mwambie muuzaji unataka foili ya kushika kwenye tona, maana zipo za viwandani zinazotaka joto kubwa kuliko la lamineshani ya steshenari, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Nunua kipande kidogo ukajaribu kabla ya kubeba roli nzima.

Vitu vya kuwa navyo: manila nyeupe au ya maziwa ya gramu 200 hadi 250 isiyong'aa, foili, raba nyeupe kubwa ya kufutia, wembe au kisu cha kukatia karatasi, rula ya chuma, penseli ya 2B, karatasi ya kuokea keki, pedi ya wino, panchi, na uzi wa katani.

Hatua ya 1: Kausha manila

Manila iliyolala dukani wakati wa masika imekunywa maji hata kama mkononi unaiona kavu. Ukiipeleka hivyo kwenye fotokopi inajikunja, inakwama, au tona inashika nusu nusu. Mimi naziweka siku mbili ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Huna vipakiti? Kaanga mchele kikombe kimoja kwa moto mdogo bila mafuta, uache upoe, uufunge kwenye kitambaa, uuweke humo. Halafu ukifika steshenari, omba kila karatasi ipite mara moja tupu kwenye lamineshani yenye moto, ikiwa ndani ya A3 iliyokunjwa. Inatoka imenyooka.

Hatua ya 2: Panga mchoro kama kanga

Sijui kozi yoyote ya usanifu iliyonifundisha zaidi ya kanga. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na chini ya mji ina jina, yaani ule msemo. Tagi naipanga hivyo hivyo: pindo na jina vinakuwa vya foili, mji unakuwa wa muhuri. Mteja wa Pwani akiiona tu anatabasamu, hata kabla hajajua kwa nini.

Tagi yangu ni sentimita 5 kwa 9.5. Kwa A4, yenye 21 kwa 29.7, unapata nne kwa upana na tatu kwa urefu, yaani 12 kwa karatasi moja, na pembeni inabaki nafasi kidogo ambayo fotokopi haiwezi kuchapa hata hivyo. Kwa wageni 120 toa karatasi 10, ongeza mbili za kuharibu. Utaharibu.

Chora pindo kwa kalamu nyeusi au kwenye kompyuta, kisha toa kopi. Mistari ya milimita 1 hadi 4 ndiyo inayoshika foili vizuri. Nyembamba kama unywele inakatika, na eneo kubwa lililojaa weusi linatoka na mabaka, kwa sababu fotokopi nyingi hazimwagi tona sawasawa katikati ya weusi mpana. Msemo uandike kwa herufi kubwa nene, kama kwenye kanga yenyewe. Tagi za mwezi uliopita ziliandikwa MAPENZI NI KIKOHOZI HAYAFICHIKI. Mama wa bibi harusi ndiye aliyeuchagua, na nadhani kulikuwa na mtu anasutwa.

Hatua ya 3: Steshenari

Hapa ndipo kazi inapofia au kupona, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipeleka karatasi 15 kwenye duka moja, nikaacha, nikarudi kuchukua. Kopi zilionekana safi. Nilipozipitisha kwenye foili, zikatoka na vinukta vya dhahabu kila mahali, vidogo kama chembe za sukari, kwenye msemo, kwenye majina, kote. Fotokopi chafu inamwaga vumbi la tona ambalo jicho halilioni. Foili inaliona. Tagi zote zilikwenda kwa watoto wa jirani wachezee duka.

Tangu siku hiyo nasimama pale pale.

"Kaka, naomba ufute kioo kwanza."

"Dada, kioo kisafi hiki."

"Nakuamini. Nitolee moja kwenye karatasi ya kawaida tuione."

Hiyo moja iinamishe kwenye mwanga wa jua, usiisome, itazame. Ukiona nukta, na kopi ya pili ikazirudia mahali pale pale, uchafu uko kwenye kioo na kitambaa kitautoa. Ukiona alama inayojirudia kwa umbali ulio sawa kutoka juu hadi chini, hiyo ni dramu, ile rola ya ndani inayobeba tona, na kitambaa hakisaidii. Ukiona ukungu wa kijivu kwenye weupe, shukuru, lipa ile kopi moja, nenda duka jingine. Usibishane naye, kesho utamhitaji kwa lamineshani.

Kopi zikiwa safi, mwambie aongeze weusi hatua moja au mbili na achague karatasi nzito kama mashine yake ina chaguo hilo. Usipake kitu chochote juu ya tona na usiiguse kwa vidole vyenye mafuta.

Hatua ya 4: Foili

Kata foili iwe kubwa kuliko mchoro kwa sentimita moja kila upande. Iweke juu ya tona, upande wa dhahabu ukikutazama wewe, upande uliofifia ukiwa chini. Watu wanaigeuza kwa sababu akili inasema dhahabu iguse karatasi. Haishiki ukifanya hivyo. Ilaze bila mkunjo. Mkunjo mmoja unakuachia mstari mweusi.

Sasa chukua A4 nyepesi, ikunje katikati kama daftari, weka kazi yako ndani. A4 ni ndogo kwa manila nzima, kwa hiyo ama tumia A3 iliyokunjwa, ama kata manila vipande viwili kwanza. Ingiza upande wa mkunjo ukitangulia. Karatasi hii ndiyo inayomtuliza mwenye mashine, maana hofu yake ni ya haki: foili iliyoingia peke yake inaweza kujizungusha kwenye rola na kumwachia hasara.

Mashine iwe imepata moto kamili. Weka kipimo cha mikroni 125, kile cha plastiki nene. Ikitoka, usiivue. Iache ipoe mpaka mkono usihisi joto, kisha vuta foili taratibu ukianzia kona moja, ukiilaza chini badala ya kuinyanyua juu. Ukivuta ikiwa ya moto, tona bado ni laini na nusu ya dhahabu inarudi nayo.

Pakiwa na sehemu zilizobaki nyeusi, weka kipande kipya cha foili hapo, pitisha tena. Hili linawezekana mradi hujachapa wino. Na ile foili uliyoivua usiitupe, ina maeneo makubwa ambayo hayajatumika.

Kwa pasi inawezekana? Inawezekana, kwa tagi tatu za zawadi. Pasi ya umeme bila mvuke, kwenye alama ya pamba, juu ya meza ngumu, na karatasi ya kuokea katikati. Kandamiza kwa uzito wa mwili, hamisha, kandamiza. Matokeo ni ya mabaka na siwezi kumuuzia mtu.

Hatua ya 5: Muhuri wa raba

Chora umbo kwenye karatasi ya kuokea kwa penseli ya 2B. Mimi nachora korosho, lile umbo la mviringo lenye mkia uliopinda unalolijua kwenye kanga. Geuza karatasi uso chini juu ya raba, sugua mgongo wake kwa kijiko. Mchoro unahamia ukiwa umegeuka, na ukichapa unageuka tena kuwa sawa, kwa hiyo hata herufi huna haja ya kuziandika kinyume.

Unapochonga, laza wembe uelekee nje ya mstari, ili shina la mstari liwe pana chini kuliko juu. Ukilikata wima au kulichimba kwa ndani, mstari unalala ukiukandamiza na baadaye unakatika. Kina cha milimita 2 kinatosha. Kwenye mviringo shika wembe usitikisike, zungusha raba. Ondoa uchafu wote kwenye pembe, maana kila kichuguu ulichokiacha kitachapa.

Gundisha raba kwenye kipande cha mbao ili mkono upate pa kushika.

Hatua ya 6: Wino

Wino wa pedi za ofisini unapenya kwenye karatasi. Kwenye manila isiyong'aa unakauka vizuri; kwenye inayong'aa utaupaka kesho kutwa kwenye gauni la mtu. Wino mzito wa kazi za mikono unakaa juu ya karatasi, rangi yake imeiva zaidi, lakini Dar es Salaam wakati wa mvua nauachia usiku mzima.

Geuza muhuri uangalie juu, kisha gonga pedi juu yake kidogo kidogo. Ukiuzamisha muhuri kwenye pedi, wino unaingia kwenye mashimo na korosho inatoka imevimba. Chini ya tagi weka magazeti matano hivi, yanatoa ulaini. Shusha muhuri wima, kandamiza kwa kiganja, hesabu mbili, nyanyua wima. Usiubembeze.

Wino ukigusa foili haupenyi. Ufute papo hapo kwa pamba kavu, dhahabu inabaki salama. Ndiyo maana foili inatangulia na wino unafuata. Ukibadilisha mpangilio, joto la lamineshani linasambaza wino na foili inaweza kunata hata kwenye majani ya korosho yako.

Ukitaka kivuli pembeni, kata sponji ya kuoshea vyombo, gusisha kwenye pedi, gonga kwanza kwenye karatasi chakavu mpaka ibaki na wino kidogo sana, ndipo uguse kingo za tagi. Muhuri ukimaliza usafishe kwa wipes za mtoto. Petroli na thina vinaivimbisha raba.

Hatua ya 7: Kukata, kukunja, kufunga

Kata wino ukishakauka, kwa rula ya chuma na kisu kikali, mara mbili nyepesi badala ya moja ya nguvu. Toboa kwa panchi ya tundu moja, pitisha uzi wa katani.

Kadi ya mwaliko ni nusu ya A4, ikunjwe iwe 10.5 kwa 14.8, inaingia kwenye bahasha ya C6. Kabla ya kukunja, pinda manila taratibu kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio nyuzi za karatasi zinakoelekea, na mkunjo wako ufuate huo, la sivyo mgongo unapasuka na kuonyesha manyoya meupe. Chora mstari wa mkunjo kwa kalamu iliyoisha wino ukiifuata rula, halafu kunja. Mstari huo usipite juu ya foili, itachubuka.

Yale mabaki ya foili uliyoyaweka, tumia kwa bahasha. Paka gundi nyeupe kidogo kwenye ncha ya mfuniko, subiri ipoteze weupe lakini bado inanata kwa kidole, bandika foili dhahabu ikikutazama, sugua, vua. Inatoka imechakaa kidogo kama dhahabu ya zamani, na kwa bahasha mimi naipenda hivyo kuliko ile iliyonyooka.

Kabla hujafunga mzigo, mpigie simu mwenye harusi umsomee majina herufi kwa herufi kutoka kwenye tagi yenyewe, si kutoka kwenye ujumbe aliokutumia. Na ile karatasi ya kumi na mbili usiikate mpaka pesa ya mwisho iingie, kwa sababu shangazi mmoja atapiga simu Ijumaa jioni kusema wageni wameongezeka.