Taa ya kichwani kwanza, tochi baadaye

Ukijiandaa kwenda kupiga kambi, anza na taa ya kichwani kabla ya tochi ya mkononi. Utasimamisha hema na kupika mikono yote miwili ikiwa huru. Usivutwe na lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 zilizoandikwa kwenye boksi. Kwa kazi za kambini hata 200 zinatosha, na betri itadumu zaidi. Mimi nasisitiza iwe na mwanga mwekundu. Macho huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe mkali huwarudisha mwanzo mara moja, wewe na kila unayemmulika usoni. Kwa mvua, tafuta alama ya IPX4, yaani taa inayostahimili maji ya kurushiwa. Safarini toa betri moja, taa isije ikajiwasha ndani ya begi.