Seliaki jikoni kwetu: usiulize chakula kinaitwaje, uliza kimepita wapi

Nimetibiwa vidonda vya tumbo miaka minne. Amiba mara nne au tano, minyoo sihesabu. Damu ilikuwa haipandi hata ningemeza vidonge vya madini ya chuma kama karanga, na jioni tumbo likijaa, majirani wananiuliza mimba ina miezi mingapi. Kumbe kilichokuwa kinanimaliza nakiandaa mwenyewe kila asubuhi: chapati mbili na chai ya maziwa.

Maswali ninayoulizwa na wanachama wa kikundi chetu ni yaleyale, basi leo nayaweka pamoja. Mimi si daktari. Ni mgonjwa mwenye jiko.

Hatua ya 1: Ujue unapambana na nini

Seliaki si kule "kukataliwa na mkate" tu. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano, kwa Kiingereza rye). Kwa mwenye seliaki, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe. Vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinalika mpaka utumbo unakuwa bapa. Ndiyo maana mtu anakula akashiba na bado damu ni pungufu, mifupa inakuwa dhaifu, mtoto hakui. Na wapo wasioharisha hata siku moja. Mwingine dalili yake ni malengelenge yanayowasha viwikoni na magotini, anapaka dawa za fangasi mwaka mzima.

Tiba iliyopo ni kuacha gluteni moja kwa moja, maisha yote. Hili tunalijua kwa sehemu kubwa kwa sababu ya daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita. Njaa ya 1944 hadi 1945 ilipoikumba nchi yake na mkate ukaadimika, watoto wenye seliaki walipata nafuu wakati wenzao wanakonda. Mkate uliporudi, wakaugua upya.

Hatua ya 2: Pima kwanza, ndipo uache

Hapa wengi tunakosea, na mimi nilikosea. Nilisoma mahali, nikaacha ngano wiki hiyohiyo, nikaenda kupima baada ya miezi. Kipimo cha damu kinachoitwa tTG-IgA kinatafuta kingamwili zinazotengenezwa pale unapokula gluteni. Ukishaacha, zinashuka, na jibu linaweza kutoka safi huku ugonjwa upo. Pia mwambie daktari akupime kiwango cha IgA (aina mojawapo ya kingamwili) yote kwa jumla, maana kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha kwanza kinadanganya. Kwa mtu mzima, uthibitisho kwa kawaida ni endoskopi: mpira wenye kamera unapita mdomoni, kinachukuliwa kinyama kidogo cha utumbo kikaangaliwe maabara. Si raha, lakini ni dakika chache.

Hatua ya 3: Pangua kabati

Habari njema ni kwamba vyakula vyetu vingi havina gluteni kwa asili. Mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, muhogo, ndizi, magimbi, viazi vya aina zote, kunde, maharage, choroko, mbaazi, nyama, samaki, mayai, mboga zote. Mtu wa Ulaya analipa pesa nyingi kununua unga wa mtama wenye nembo ya "bila gluteni". Sisi bibi alikuwa nao kwenye ghala.

Vinavyoondoka: mkate, chapati, mandazi, maandazi ya nazi, kaimati, sambusa, tambi, makaroni, biskuti, suji, bokoboko. Hivyo vinajulikana. Vinavyotuumiza ni vile vilivyojificha. Soseji na kebabu zinajazwa makombo ya mkate. Sosi ya soya mara nyingi ina ngano. Vinywaji vya unga vya chokoleti vyenye kimea vina shayiri. Baadhi ya vidonge vya mchuzi na beki pauda vina unga wa ngano. Urojo wa Zanzibar uzito wake mara nyingi unatoka kwenye unga wa ngano. Na uji wa lishe! Huo msiuamini kabisa mpaka mjue aliyeuchanganya aliweka nini. Kwenye pakiti, ambako maandishi mengi ni ya Kiingereza, macho yakatafute wheat, barley, rye na malt.

Hatua ya 4: Fuata unga ulikopita

Hii ndiyo hatua iliyoniponya, na sikuisoma popote.

Nilikuwa na miezi sita sijagusa chapati, najisifu, nikarudia kipimo. Kingamwili bado ziko juu. Daktari akaniuliza kwa upole kama ninamwibia, nakula ngano kisirisiri. Nikakasirika. Jumamosi nikapeleka mahindi yangu mashineni kama kawaida, ila siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, nikasimama nikiangalia. Mbele yangu mama mmoja kaleta ndoo ya lishe: ulezi, soya, mahindi, na ngano nzima inaonekana wazi juu kabisa. Kijana akamimina, akasaga, akaupiga ule mfuko wa kitambaa kwa fimbo mara mbili, kisha akamwaga mahindi yangu palepale. Unga wa kwanza ukatoka wa kahawia. Ukapauka taratibu, ukawa mweupe. Nilikuwa nakula ule wa kahawia kila wiki na kuuita dona.

Kwa hiyo: tafuta mashine inayosaga mahindi peke yake. Ukikosa, nunua kisagio cha mkono au kinu kisichoazimishwa kwa mtu. Kupeleka mahindi asubuhi kabla ya wengine kunapunguza tu, vumbi la jana limo ndani. Ukinunua sembe ya kiwandani, kumbuka kuna viwanda vinavyosaga mahindi na ngano pia. Namba ya simu imo kwenye mfuko, piga uulize kama mitambo ni tofauti.

Sokoni nako, angalia kopo la kupimia. Muuzaji analizamisha kwenye gunia la unga wa ngano, analigonga, analizamisha kwenye unga wa muhogo. Mimi nanunua makopa yenyewe, nayaosha, nayaanika, natwanga. Ulezi nanunua punje, naumwaga kwenye sinia jeupe nachagua ngano moja moja, kisha nauosha. Kazi ipo, sikatai.

Hatua ya 5: Jiko moja, familia mbili

Nyumbani kwangu wengine wanakula mkate, sijawakataza. Ila mwiko wangu wa ugali una alama ya rangi nyekundu, chujio ni langu, na kikaango cha chapati hakinihusu. Mbao na chuma chenye mikwaruzo vinashika unga hata ukisugua. Unga wa ngano unaporushwa kwenye meza unaelea hewani, hivyo siku ya chapati mimi napika mapema, nafunika, natoka.

Kwa wanaosema "kidogo tu hakidhuru": utafiti ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utumbo. Slesi moja ya mkate ina takriban gramu 2. Yaani ikate slesi vipande arobaini, chukua kimoja. Ndicho hicho.

Hatua ya 6: Kula nje

Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta ya sambusa. Samaki wa karai wengine wanapakwa ngano wasigande. Wali, maharage, ndizi za kuchoma na nyama choma ya chumvi na ndimu ndivyo vimenivusha kwenye harusi na misiba. Muulize anayepika, usimuulize anayepakua.

Maswali ya wanachama

*Mwanza: Nimeacha ngano miezi miwili, najisikia mtu mpya. Kuna haja ya kupima?*

Ipo, hasa kama una watoto, kwa sababu ndugu wa damu wa karibu kabisa, yaani mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja, ana uwezekano wa karibu mmoja kati ya kumi. Lakini usijirudishie ngano kienyeji. Daktari atakupangia ule kiasi gani na kwa wiki ngapi kabla ya kipimo. Kama huwezi kabisa kuirudia, kuna kipimo cha vinasaba vya HLA-DQ2 na DQ8. Ukikutwa huna hata kimoja, seliaki karibu inafutika. Ukikutwa navyo hakikuthibitishii, maana watu wengi wazima wa afya wanavyo.

*Mombasa: Dada, Ramadhani yaja na huku kwetu futari ni tambi, kaimati na viazi karai. Nifanyeje?*

Viazi karai viulizie lile vazi lake: la unga wa dengu mtupu, sawa, wengi huchovya kwenye ngano. Futari yako ni muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, mbaazi, vibibi na vitumbua vya mchele ulioloweka mwenyewe. Uji wa pilipili manga upike kwa unga wa mchele. Na ukialikwa, nenda na sahani yako iliyofunikwa, umwambie mwenyeji kabla, si mbele ya wageni. Mimi mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa haya, nikala sambusa moja kuogopa kumvunja moyo wifi yangu. Nililala siku mbili.

*Moshi: Mimi ni Mkatoliki. Ekaristi je? Na mbege?*

Waraka wa Kanisa wa mwaka 2003 ulisema hostia isiyo na gluteni kabisa si halali, ila yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na muumini anaweza kupokea kwa umbo la divai peke yake. Ongea na paroko mapema. Ukipokea divai, omba kikombe kingine, maana kwenye kile cha padre hutiwa kipande cha hostia. Mbege ni ndizi na kimea cha ulezi, haina gluteni kwa asili, ila ulezi huo nao ulisagwa wapi? Bia ya chupa ya kawaida ni shayiri, achana nayo.

*Eldoret: Oti je? Nimeambiwa ziko sawa.*

Oti zenyewe wengi wenye seliaki wanazivumilia, wachache hapana. Tatizo ni shamba, lori na mashine ambavyo vimebeba ngano. Pakiti isiyoandikwa waziwazi kuwa haina gluteni, iache. Mwaka wa kwanza mimi ningeziacha zote.

*Tanga: Nikinywa maziwa bado naharisha. Nimekosea wapi?*

Huenda hujakosea. Utumbo ulioharibika unashindwa kusaga sukari ya maziwa, na kwa wengi uwezo huo unarudi utumbo ukipona. Jaribu mtindi kidogo, mwambie daktari.

*Dar es Salaam: Mkate wako wa kumimina, ule wa mchele na tui, nimeupika mara tatu, unazama katikati.*

Mchele hauna kitu cha kushika hewa, ndiyo shida. Loweka vikombe viwili usiku kucha, uchuje maji yaishe kabisa, saga na kikombe kimoja cha tui zito, siyo zaidi. Tia sukari, hiliki na kijiko cha chai cha hamira. Ukianza kuumuka na kutoa mapovu, tia ute wa yai uliopigwa, koroga taratibu, umimine papo hapo. Ukingoja unyanyuke sana ndipo unapozama. Sufuria iwe imeshapata moto na mafuta. Makaa kidogo chini, mengi uyapalie juu ya mfuniko, na usifunue kabla ya dakika ishirini hata harufu ikikuita.